Kajiwe kwa Mabati

Nafula,

Sikuulizi hali yako, kwa sababu uko hapo nyuma ya pazia unakoroma. Mtu mwenye anakoroma hivyo hana shida kubwa. Huo ukoromaji nimeutafuta kuliko vile nimewahi kutafuta pesa, na nataka ujue umetoka wapi kabla hujaenda nao kwa watu.

Mambo ya sabuni, sijui kufunga sanduku, sijui usiazime nguo ya mtu, hayo shangazi yako amekuimbia wiki nzima mpaka paka anajua. Mimi sina hayo. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, na hata hiyo la nne nilifukuzwa kabla sijaizoea. Kwa hivyo ukikuta mahali nimeandika vibaya, si wewe ndio unaenda kuwa mwalimu? Sahihisha. Weka alama, lakini usiniambie nimepata ngapi.

Nataka kukuandikia juu ya kulala. Najua umesema, "Baba, tena?" Ndiyo, tena. Kesho unaenda chuo, Meru huko, mbali mpaka hata barua ikifika huwa imechoka. Utalala chumba moja na wasichana wenye hawakujui. Ile shule ya bweni ya kwanza, ukiwa form two, ulikosa usingizi ukakaa kwa kitanda gizani, na kale kasichana ka hapa Kitale kakaambia wengine, "Huyu ni mtoto wa mlogi. Baba yake hukimbia usiku." Wakatupa sanduku lako nje kwa mvua. Ukarudi hapa, ukamalizia shule ya kutwa. Sasa ukirudi tena, hakuna chuo ya kutwa yenye inakungojea hapa soko ya Kitale. Hapo ndio maneno yangu yote iko. Nataka ukae huko mpaka umalize, na mtu hakai mahali kama usiku unamfukuza.

Basi sikiza, nianzie mbali.

Mimi nilikosa usingizi wakati mama yako alienda Kapsokwony na yule mtu wa viazi. Ulikuwa mdogo, meno ya mbele hakuna. Kabla aende aliniambia, "Baba Nafula, nimechoka kulala na redio." Kwa sababu mimi hata kitandani napiga story, unanijua. Yule wa viazi hasemi kitu. Anaanguka kama gunia. Mama yako alipata amani yake, na simsemi vibaya hapa kwa sababu wino ni wa kununua.

Mimi nikabaki nasikiza mlango. Usiku mzima. Upepo ukigusa, naamka. Panya ikipita, naamka. Halafu hata mlango nikaacha kuusikiza, nikawa naamka tu bure, kama askari mwenye kampuni ilishafungwa na hakuna mtu alimwambia.

Nikafanya ujinga wote wenye mtu anaweza kufanya. Nilisema, kama usingizi hautoshi basi niingie kitandani mapema, na kuku. Nikawa nalala hapo macho wazi kutoka kuku wakiingia mpaka wakitoka. Mchana nalala juu ya magunia sokoni, wateja wanajipimia wenyewe, na wateja wa Kitale wakijipimia hawajinyimi. Nikanunua zile tembe za njano za mafua, nikazimeza kama njugu. Zinakulaza kama umepigwa rungu, asubuhi unaamka rungu bado iko kwa kichwa. Nikajaribu chang'aa. Hiyo inakulaza haraka, halafu usiku wa manane inakurudisha na masimango. Na mchana bado mimi ndio yule wa vichekesho. "Vitunguu ya Suam, mama! Kata moja, ulie kama umeolewa!" Watu wanacheka. Hakuna mtu alijua huyu mwenye anawachekesha macho yake imewaka kama jiko.

Halafu siku moja nilikuwa soko ya Bungoma, nikalala nikiwa nimesimama. Mizani mkononi. Nikaanguka, kichwa kikagonga jiwe la kilo tano. Damu bana. Na mama mmoja, sikudanganyi, aliniruka akaendelea kuchagua vitunguu. Alisema, "Akiamka mtaniambia bei."

Wakanipeleka hospitali. Hapo ndio nilikutana na Daktari Chemutai. Kasichana tu, kembamba, sauti kama ya polisi wa trafiki. Akawa ananishona paji huku ananiuliza maswali.

"Mzee, umelewa?"

"Bado."

"Mara ya mwisho kulala vizuri ilikuwa saa ngapi?"

"Mwaka gani?"

Hakucheka. Nafula, mimi nimechekesha mapadri, nimechekesha askari wa kanjo wakiwa wamebeba magunia yangu. Huyo msichana hakucheka. Alivuta uzi.

Nikamwambia nataka dawa, ile kali ya wazungu. Akasema, "Dawa umekunywa ya kutosha. Hii yako inatibiwa na masharti. Kitanda yako umeifundisha vibaya. Ukiiona tu, mwili wako unasema hapa ndio mahali pa kukodolea mabati. Sasa tutaifundisha upya."

"Kitanda inafundishwa?"

"Wewe ndio unafundishwa. Kitanda ni mwalimu."

Halafu akaniuliza usiku mzima, ukweli, huwa nalala kama masaa mangapi. Nikasema kidogo, na hiyo kidogo imekatwa-katwa kama sukuma wiki. Akasema basi kutoka leo utakaa kitandani hiyo hiyo kidogo na kaziada kadogo, hakuna zaidi. Usiingie mpaka usiku uende sana. Asubuhi utaamka saa ile ile kila siku, uwe umelala au hujalala, Jumapili, Krismasi, matanga, hakuna kubadilisha. Mchana usilale. Chai ya jioni kwisha. Chang'aa kwisha. Kitandani hakuna story, hakuna redio, hakuna kupiga hesabu. Na ukikaa hapo usingizi usije, usiungojee. Toka. Kaa mahali pengine, fanya kazi ya kuchosha akili, taa kidogo, mpaka macho ianze kufunga yenyewe. Ndio urudi. Ukikosa tena, toka tena.

Nikamwambia, "Daktari, nimekuja kuomba usingizi, unaninyang'anya hata ule kidogo niko nao?"

"Ndiyo. Nataka usikie njaa yake."

"Na nikifa?"

"Hakuna mtu amekufa kwa masharti yangu. Utakuwa mbaya kwanza. Wiki za kwanza utanitukana. Usipande juu ya lori ya mizigo hizo wiki, utaanguka. Halafu utaanza kulala." Akakata uzi. "Na mke wako, alienda lini?"

"Ni miaka mitatu."

"Atarudi?"

"Hapana."

"Sasa hapo usiku huwa unamngoja nani?"

Nilitaka nimpige na ile mizani. Lakini nilienda nyumbani na hilo swali, na ndio lilikuwa dawa yenyewe kuliko uzi.

Saa ya kuamka niliambiwa nijichagulie. Mimi saa sina, niliuza. Nikachagua adhana ya alfajiri, ule msikiti wa nyuma ya stage. Mimi Mkristo wa Pasaka na Krismasi, nikawa wa kwanza kuamka kwa adhana hapa plot, kabla hata ya Mama Zuhura mwenye anapika mandazi na ndio Mwislamu mwenyewe. Aliniambia, "Baba Nafula, kama utaamka hivi kila siku, si utawadhe tu tumalize maneno?"

Ile ya kutoka kitandani ndio ilikuwa mbaya. Nyumba ni chumba moja. Wewe uko nyuma ya pazia. Nikiwasha taa utaamka, na kesho shule. Kwa hivyo nikawa natoka nje na stuli, na koroboi, na karai la maharagwe ya kuuza, nachambua. Hakuna kazi ya kuchosha akili kama kuchambua maharagwe. Unajua vile watu wa Suam, kule mpakani, huwa wanaweka mawe kwa gunia ndio iwe nzito. Mimi nayatoa. (Makubwa nilikuwa naweka kando, ya kurudisha baadaye. Biashara ni biashara.) Yale madogo narusha tu nyuma ya bega, bila kuangalia, mpaka macho yafunge. Tii. Tii. Nikadhani yanaanguka kwa nyasi.

Yalikuwa yanaanguka kwa mabati ya jirani, Barasa wa makaa.

Wewe unajua huku kwetu mtu akisikia mawe kwa mabati usiku anajua nini. Hafikirii maharagwe. Anafikiria mlogi, yule wa kukimbia usiku bila nguo. Plot yote ikaanza kuongea pale kwa mfereji. Na mimi, mjinga wa kwanza, nilikuwa katikati yao na ndoo yangu, nachochea! Barasa akisema, na ile l yake ya kutoka r, "Anarusha kira usiku," mimi nauliza, "Mawe makubwa?" Anasema, "Madogo, madogo." Mimi nasema, "Wueh! Hao wa mawe madogo ndio wabaya. Mkimshika huyo msimwachilie. Mvueni nguo kwanza, ndio nguvu yake iishe. Halafu mpigeni kwa magoti, asikimbie tena." Watu wakacheka sana. Mama Zuhura alicheka mpaka ndoo ikamwagika. Nilirudi nyumbani nimefurahi, nikakuambia wewe pia ile story, ukacheka na meno yako mapya.

Kwa hivyo usiku walinishika, walifanya vile niliwafundisha. Kwa mpango. Nguo kwanza. Halafu magoti.

"Reo tumekupata!" Barasa alikuwa analia kabisa, kwa furaha ama kwa woga, sijui. "Reo ni reo!"

Nikasema, "Barasa, ni mimi."

"Tunajua ni wewe!"

Nikasema ni maharagwe, ni daktari wa Bungoma, ni kitanda inafundishwa. Hebu fikiria mtu uchi, damu kwa mdomo, anasema kitanda inafundishwa. Walinipiga zaidi. Meno mawili ilienda hapo. Kijana mmoja akatumwa atafute tairi.

Halafu mlango ukafunguka, ukatoka wewe na shuka.

Barasa alikuuliza. Alichuchumaa kabisa, akaongea polepole, vile mtu mzuri huwa anaongea na mtoto. "Nafula, mama, usiogope. Baba yako huwa anatoka nje usiku?"

Ukasema, "Ndiyo. Kila usiku."

Tangu utambae nimekufundisha kudanganya mteja. Ya jana unaiita ya leo, ya Uganda unaiita ya hapa. Siku moja tu, siku moja bana, ndio uongo ungetakikana, ukasema ukweli. Nakumbuka niko chini nikicheka. Wale walidhani ni pepo inacheka.

Mwenye aliniokoa ni Mama Zuhura, na usidhani ni kwa upendo. Alitoka kuwasha moto wa mandazi, akawakuta na tairi. Akasimama na mwiko, akasema, "Nyinyi, mkimchomea hapa moshi itaingia kwa unga wangu. Nitauzia nani mandazi ya mtu?" Halafu akaangalia ile stuli, akaangalia karai, akachukua koroboi akamulika kwa mabati ya Barasa. "Na tangu lini mlogi akakaa kwa stuli? Si mnasema hukimbia? Huyu hata mchana hawezi kukimbia, muangalieni." Akaokota kajiwe kwa mabati, akakapeleka kwa pua ya Barasa. "Hii imetoka kwa maharagwe. Nimevunja nayo jino mwaka jana. Mwizi ndio, mlogi hapana."

Wakaenda mmoja mmoja. Tairi walirudisha kwa mwenyewe.

Hapo ndio nilikosea, Nafula, na si mara moja. Usiku ule si mimi nilikosea, ni mawe. Nilikosea asubuhi yake. Niliamka na adhana, uso umefura kama andazi, nikaenda sokoni, na watu walikuwa wameshasikia. Wanapita mbali. Hakuna mtu anataka kununua kwangu. Nikaona nitalala njaa, nikafanya vile najua. Nikapanda juu ya gunia nikapiga kelele: "Maharagwe ya mlogi! Yamechambuliwa usiku, yanaiva yenyewe! Shahidi ndio huyu hapa!" Nikakunyooshea wewe kidole, ukiwa na yunifomu. "Muulizeni! Baba yako huwa anachambua lini?" Na wewe ukasema kwa kasauti kadogo, "Kila usiku." Soko ikavunjika mbavu. Nikauza gunia mbili kabla ya saa sita.

Nikaona hii ni mali. Ikawa kila siku ya soko nakuita uje, Shahidi, waambie. Hata nyumbani, Shahidi lete chumvi. Shahidi funga mlango. Miaka. Mimi nikadhani tunacheka wawili. Nilikuwa nacheka peke yangu na soko nzima.

Kwa daktari nilirudi kutolewa nyuzi za pili, za ule usiku. Nikamwambia, "Masharti yako ilitaka kuniua." Akaniangalia meno, akasema, "Usiku utatoka kitandani tena."

"Daktari, wataleta tairi mbili!"

"Basi usitoke nyumba. Toka kitandani. Kaa ndani, gizani, chambua na vidole."

Nikajifunza kuchambua bila macho. Jiwe ni baridi kidogo kuliko haragwe, na halina kile kitovu. Wiki ya kwanza nilitaka kulia. Ya pili nilikuwa nakuwekea chumvi kwa chai na kukupigia kelele bure. Halafu usiku mmoja niliingia kitandani na kitu cha pili nilisikia ni adhana. Katikati hakuna kitu. Hakuna mlango, hakuna mama yako, hakuna Barasa. Nililala hapo nikiangalia juu nikasema, hii kitanda imepita mtihani. Daktari akaniongezea muda kidogo kidogo, vile mtu anaongezewa chakula baada ya ugonjwa. Usingizi ukarudi. Si wote, na hurudi nyuma saa zingine, hasa bei ikianguka. Lakini nikiona umeanza kutoroka najua kamba yake iko wapi.

Na wakati mimi nalala, wewe ndio ulikuwa macho. Nyuma ya pazia hapo. Sikujua. Nani angejua, mimi nilikuwa nakoroma. Niligundua uliporudi na lile sanduku limelowa. Nikasikia kitanda yako inalia usiku wote, kwiii, kwiii, nikajua hiyo sauti. Hata kama ningefungwa macho ningeijua.

Unakumbuka siku nilikupeleka Bungoma. Daktari Chemutai alikuwa amenenepa, na bado hacheki. Akakuuliza, "Ukiwa kitandani, ni neno gani huja?" Ukaangalia viatu vyako. Mimi nikataka kusaidia, nikasema, "Shahidi, sema." Ukaanza kulia.

Akaniambia, "Mzee, toka nje."

Nilikaa kwa ile benchi ya nje na wagonjwa wa malaria, na hakuna story hata moja ilinijia. Mlipotoka aliniambia ulichosema. Kwamba kila ukilala unajisikia ukisema *kila usiku*, na unaona tairi. Na kwamba mtu mwenyewe anakuamsha na jina la Shahidi kila asubuhi, anakuitia nalo chumvi.

Tangu hiyo siku sijakuita hilo jina. Hujawahi kusema umeona. Mimi nimeona umeona.

Halafu ndio nikawa mbaya kwako vile unajua. Masharti hayana huruma, na hospitali haiwezi kuja kulala hapa, kwa hivyo mimi ndio nilikuwa masharti. Mimi ndio nilikuzuia kuingia kitandani ukiwa unaanguka na usingizi kwa meza. Mimi ndio nilikuwa navuta blanketi adhana ikilia, Jumapili pia, mvua pia, siku zingine mpaka na maji ya kukumwagia. Ulinitukana kwa Kibukusu, matusi ya nyanya yako, nikafurahi lugha haijapotea. Uliniambia unanichukia. Nikasema chukia ukiwa umesimama, usilale. Shangazi yako aliniuliza mimi ni mzazi ama ni jela. Nikamwambia leo ni jela, mzazi yuko likizo.

Na zile jioni. Daktari alisema lile neno lenye linakungoja kitandani usiliache likungoje, uliite mapema, jioni, mkiwa kwa stuli, mliulize maswali mpaka lichoke. Kwa hivyo tukawa tunakaa baada ya ugali, karai katikati, mimi nakuwa Barasa na wewe unakuwa wewe. Nakuuliza, "Ungesema hapana, ningeweka rungu chini?" Siku ya kwanza ulilia tu. Siku nyingine ukasema, "Sijui." Nikasema, "Nilikuwa nimeshatuma mtu tairi kabla nikuulize. Mimi Barasa nilikuwa nimeamua. Nilikuuliza nini?" Ukafikiria. Ukasema, "Ulitaka mtu wa kuweka naye makosa." Hapo mimi nikasahau kuwa Barasa.

Halafu jioni moja ukaniuliza swali lenye halikuwa kwa mpango. "Na wewe baba, kwa nini uliwaambia wanivue... wakuvue nguo?" Ulianza na *wanivue*, ukarekebisha. Nilichambua. Nimetafuta jibu ya kuchekesha tangu hiyo siku na sijaipata, na sasa nimeacha kuitafuta. Ndio hiyo jibu yangu. Nilitaka wacheke.

Sasa twende Meru. Huko usiku mwingine utakosa usingizi. Usidhani nakulaani, nakuambia tu. Kitanda mpya, wasichana wapya, mtihani. Utalala hapo ukiwaza, nikiamka wataona, watasema tena. Na utataka kubaki hapo umejifunika, umefunga macho kama maiti, ndio uonekane mtu mzuri. Usifanye. Ni hivyo ulifanya form two, ukakaa macho wiki nzima ukijificha, mpaka siku walikuona wakaona jini. Toka kitandani. Shuka chini, kaa sakafuni, gizani. Waseme. Nimesemwa na plot nzima nikiwa uchi na bado nilijifunza kulala. Wewe utakuwa na gauni.

Kwa sanduku, chini ya zile gauni, shangazi yako hajui, nimekuwekea kamfuko ka maharagwe. Si ya kupika. Ni ile ya Suam, haijachambuliwa, na mimi mwenyewe nimeongeza mawe. Utachambua na vidole. Na kama kuna msichana ataamka akuulize, "Wewe huwa unaamka usiku?" mwambie vile ulisema. Mwambie ndiyo, kila usiku kama ni lazima. Ilikuwa ukweli ile siku, na ni ukweli hata Meru. Halafu msukumie nusu ya kamfuko naye achambue. Mawe weka kwa kopo. Usirushe.

Barasa alikuja wiki jana, sikukuambia. Alisimama pale mlangoni na kofia mkononi. Anasema tangu kijana yake aondoke nyumbani hashiki usingizi, nimwambie ile dawa ya Bungoma. Nikamwambia ni rahisi. Toka nje usiku, kaa kwa stuli, rusha mawe madogo kwa mabati yangu. Hakucheka. Alisimama tu hapo, macho nyekundu kama yangu ya zamani. Nilimwacha hapo mlangoni mpaka akaenda. Jana nikampelekea jina la daktari, lakini nilimwacha siku sita kwanza. Sijui unataka nikuambie nini juu ya hizo siku sita. Nililala vizuri.

Kitanda yako nimeiuza. Usiamke na kelele, ni ukweli. Mwenye mkokoteni anakuja kuichukua mapema, na akikukuta juu yake atakubeba nayo. Sitaki ukae Meru ukifikiria kuna kitanda inakungoja hapa nyuma ya pazia. Ukirudi likizo utalala kwa magodoro ya shangazi, na utarudi chuo mbio.

Na kesho mimi sitavuta blanketi. Lori ya Suam inatoka kabla ya adhana na nimeshika nafasi. Shangazi ndio atakungoja stage. Ningebaki ningepiga story mpaka gari ikuache, ama ningesema kitu cha kufanya stage yote icheke na wewe uko katikati. Najijua. Kwa hivyo hakuna mtu wa kukuamsha. Ukilala zaidi, gari inaenda. Ukiamka mwenyewe, basi umepona, na mimi nimemaliza kazi yangu mbaya.

Barua naiweka juu ya sanduku na jiwe juu yake, paka asiiburute.

Lakini kwa sababu mimi ni mtu wa kuharibu masharti yangu mwenyewe, nikipita nyuma ya nyumba nikienda kupanda lori, nitarusha kajiwe kamoja kwa mabati yetu. Kamoja tu. Barasa akisikia asikie.

Tii.

Hiyo ni mimi. Amka, Nafula.

Baba yako